Mshale Uliosimama Kwenye Tisini

Shofere wa pikapu ya bluu iliyokuwa ikileta ndizi kutoka Bengamisa hadi hapa Kisangani alikufa Jumatatu iliyopita, mchana kweupe, alipotumbukia pamoja na daraja la magogo. Wasomaji wangu mnamjua, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia simtaji. Ndiye yule tonton, yaani mjomba, niliyewachekesha naye mwaka jana, nilipoandika kwamba anakimbia tisini hata akiwa ameegesha mbele ya soko. Mlicheka sana. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza. Leo nawaomba muikumbuke makala ile bila kucheka, maana imemfuata mpaka kaburini.

Siku ile ya mwaka jana nilipanda mbele pamoja naye na mke wake, aliyekuwa akiuza zile ndizi. Macho yangu yakaangukia kipima mwendo, kontere kama tunavyoiita huku, nikaona mshale umesimama kwenye tisini. Matope yalikuwa yanafika nusu ya gurudumu. Nikapiga kelele, “Tonton, pole pole!” Akanionyesha dirisha kwa kidevu. “Petit, mudogo wangu, angalia inje. Kuku iko inatupita.” Mke wake akadakia, “Ile kuku iko na haraka, inakimbia sufuria. Sisi tunakimbia nini, Papa? Ndizi zitaiva tukiwa njiani!”

Mbele kidogo alisimama ili anitoe hofu, akanifundisha kama daktari anavyomfundisha mwanafunzi. “Bon. Kontere ikikufa, unatafuta kwanza ugonjwa iko wapi.” Akanionyesha tarakimu ndogo za kilomita chini ya mshale. Zilikuwa zikigeuka kila tulipotembea. Kwa hiyo kebo inayotoka kwenye giaboksi ilikuwa nzima. “Donc, mwili iko muzima. Ugonjwa iko mu kichwa.” Akafungua skrubu mbili, akatoa kioo. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya miaka mingi, na kutu ilikuwa imeukamata mhimili wa mshale. Alikuwa ameujaribu kwa mafuta ya taa, na kwa mafuta ya injini, bila mafanikio. Kontere nyingine ya kufaa gari lile hakuipata katika mji mzima. Akausukuma mshale kwa kidole mpaka ishirini, ukabaki ishirini. Akausukuma mpaka sitini, ukabaki sitini. “Iko kama shahidi wa kununuliwa,” akasema. “Inasema kile unaitia mu kinywa.” Kisha akaurudisha kwenye tisini. Nikamshauri auweke kwenye sifuri. Akakataa. “Sifuri ni uongo mudogo, mutu anaweza kuuamini. Lakini tisini, mu hii barabara? Nani mutu ataamini?”

Mwendo wake aliupima kwa saa ya mkononi. Nguzo za kilomita zimeng'olewa zamani, lakini yeye alikumbuka kila moja ilipokuwa: hapa mti wa mawese, pale kanisa lisilo na paa. Kutoka nguzo hadi nguzo asipotimiza dakika mbili, yaani akizidi thelathini kwa saa, aliinua mguu kwenye pedali ya mafuta. Sijawahi kupanda na mtu aliyeujua mwendo wake vizuri kuliko yeye, mwenye kontere iliyokufa.

Daraja lile lilikuwa limeoza kwa misimu miwili ya mvua. Mashofere wenyewe walikuwa wakiongeza mbao, na waliohusika na barabara walikuwa wameambiwa. Lakini ripoti ya ajali haikuandika neno juu ya magogo. Iliandika: mwendo wa kasi, kilomita tisini kwa saa. Sokoni wakaanza kumwita mjane “bibi ya mukimbizaji”, yaani mke wa mwendesha mbio, na yeye akaniomba twende pamoja kwenye ofisi iliyoandika ripoti, kwa kuwa nilikuwa nimeiona ile kutu.

“Kontere inasema tisini,” akasema ofisa. “Kontere haina ndugu, haina kabila.”

“Hata gari ikilala, ilikuwa inasema tisini!” mjane akajibu. “Muiulize basi ilikuwa inakimbia wapi mu parsele yangu, mbele ya nyumba!”

Ofisa akafungua saraka ya meza, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa safu hii, makala ile ya mwaka jana. “Na huyu écrivain wako, huyu mwandishi? Yeye mwenyewe aliandika: anakimbia tisini. Alors, petit? Ulidanganya watu wakati ule, ao unadanganya sasa?”

Nikakisoma tena kile kipande: neno kutu halikuwamo. Sentensi ya kutu ilikuwamo katika rasimu yangu ya kwanza. Niliifuta kwa sababu ilikuwa nzito, ilivunja mdundo, na mzaha uling'aa zaidi bila maelezo. Nilichagua uzuri, na uzuri wangu ukaingia saraka ya ofisa ukawa ushahidi. Maiti haulizwi sanda. Kwetu haulizwi hata mwendo. Tonton aliamini kwamba uongo ukiwa mkubwa utajifichua wenyewe. Alikosea. Uongo wenye tarakimu hauhitaji hata kuaminiwa. Unatosha ukimfaa mtu. Daraja halina mshale wa kusomwa, na hakuna aliyeinama kutazama magogo.

Tulipotoka nje mjane hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Aliniambia tu, “Petit, wewe unajua kuandika vizuri. Sasa uandike vibaya, lakini uandike yote.”

Basi naandika. Mshale wa pikapu ya bluu ulikuwa umeshikwa na kutu kwenye mhimili. Haukupima kitu. Aliyeuweka kwenye tisini ni mwenye gari, kwa kidole cha shahada, mbele yangu, kwa mzaha. Siku aliyokufa sikuwepo. Sijui alikuwa akienda mwendo gani, na mshale ule pia haujui. Magogo ya daraja yalikuwa yameoza. Hizi ni sentensi nzito, hazina mdundo, na ile ya kutu imechelewa mwaka mzima. Kama ningeiacha mahali pake katika makala ile, leo ofisa angelazimika kutafuta karatasi nyingine.