Goli Nililolikimbia Mbele ya Mama Mkwe

Hili nawaambia nyie tu, na mkicheka chekeni kwa adabu, maana hadi leo nikipita ule uwanja pale Arusha nageuza shingo. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilicheza magongo (ule mpira wa kupiga kwa fimbo zilizopinda, nilijifunza shuleni) katika timu ya makarani. Kipaji nilikuwa nacho, hata walionichukia walikiri. Tabu ni kwamba Jumamosi hii nawachezesha watu kindumbwendumbwe, Jumamosi ijayo nasimama kama ng'ombe anayenyeshewa. Umri nao ulishasogea. Kapteni wetu, Mgoa mmoja mpole, akaniambia, "Bwana, leo ya mwisho. Kama hapana cheza vizuri, mimi nachukua kijana."

Mtu mwenye akili angekwenda kimya kimya. Mimi nikamtumia salamu baba mkwe kule Kisongo aje aone mkwewe bado yumo (alikuwa akilalamika kwamba binti yake kaolewa na mchezea fimbo).

Na nilicheza, jamani! Kipindi cha pili, bado sare, nikawapita mabeki wa Moshi, nikampita na kipa, goli liko wazi, nikainua macho: nyuma ya goli kasimama mama mkwe! Baba mkwe kaja naye. Sasa kwetu Waarusha mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe, akimwona njiani anakata kona, na mimi sikufikiri, miguu ndiyo iliyofikiri, nikatupa gongo, nikajifunika uso kwa fulana (tumbo lote nje) nikatimua mbio hadi nyuma ya gari la mwamuzi. Wale wa Moshi wakauokota mpira, wakaenda kutufunga.

"Wewe nakimbia nini?" kapteni akafoka. "Goli iko wazi!"

Nilitoka nyuma ya gari mama mkwe alipokwisha kuondoka.

Sikuitwa tena. Wengine walisema uzee, wengine pombe. Nikitazama sasa sioni wa kumlaumu: mchezaji ambaye wenzake hawajui leo kaja na miguu ipi, siku akikosea hata kwa sababu ya heshima hakuna wa kumtetea. Iliniuma sana, kwa sababu goli lile lingenibakiza kwenye timu. Nikaapa sitamwalika tena mtu wa ukweni penye shughuli yangu, hata iwe kuvuna mahindi.

Mama mkwe akamtuma mke wangu: "Mwambie heshima yake nimeiona. Lakini si angefunga kwanza, ndipo akimbie?"