Pepo Aliyekohoa

Kuhukumu bila kusikiliza ni uovu, hata anayehukumu awe ameshika Biblia. Niliushuhudia uovu huo Kariobangi, sebuleni kwa mpwa wangu, na hasira haijanitoka.

Mpwa wangu alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki. Mimi siipendi roki, na sijawahi kumficha hilo. Mwaka huu aliiacha bendi, akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, isiyo na gitaa hata moja: ni nyundo za mafundi wa jua kali, maji yakimiminwa mitungini, na sauti za mtaani alizozipunguza kasi mpaka zikanguruma. Wimbo mmoja una neno moja tu: "Toka."

Neno hilo lilimletea mchungaji wa kanisa la jirani, mkewe, na mwenye nyumba, ambaye ni muumini wao. Walitaka ahame.

"Binti, umefuga pepo humu," mchungaji alisema, "na wapangaji wana watoto!"

"Pasta, hiyo ni sauti ya mtu. Nimeivuta tu."

"Mtu gani ananguruma hivyo? Mimi nimekemea mapepo miaka mingi. Nayajua!"

Nilimwuliza kama ameusikiliza wimbo wote. Kumbe aliusikia akipita ngazini tu! Nikadai uchezwe. Spika ikanguruma: toka… toka… kisha kikohozi kikavu, mara mbili, kisha toka.

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko.

"Baba, si huyu ni wewe? Hiyo ni kikohozi yako ya kesha. Nimekwambia mara ngapi unywe tangawizi?"

Kipaza sauti cha kanisa kinaelekea dirisha la mpwa wangu. Kesha za maombi za kila Ijumaa zilimnyima usingizi, naye akazirekodi. Pepo aliyetaka kumhamisha binti huyu alikuwa mchungaji mwenyewe, akitoa pepo.

Ungedhani angeomba radhi. Alitamka tu kwamba sauti ya madhabahuni haichezewi, akashuka ngazi. Mkewe hakumfuata. Alimgeukia mwenye nyumba.

"Huyu msichana hahami. Na hiyo spika yetu, Ijumaa tuigeuze itazame ndani."

Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa. Jina ambalo mke huyo wa mchungaji alipewa na wazazi wake silijui. Mtaa mzima humwita Mama Mchungaji.