Bwana Afya na Paka wa Gari Bovu

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Afya tangu alipoajiriwa halmashauri akiwa na kiuno chembamba, na akabaki Bwana Afya hata alipostaafu, kitambi kikimtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa kukagua machinjio, kufunga mabucha machafu, na kila mara kupita mitaani na ndoo ya nyama yenye sumu, kwa ajili ya mbwa koko na mapaka shume. Nyama aliichanganya mwenyewe. Alisema wasaidizi wake wana mikono mizito, wanatia sumu kama wanatia chumvi, na mali ya umma haichezewi.

"Mnyama asiye na mwenyewe ni ugonjwa wenye miguu minne," alikuwa akisema mikutanoni, kisha ananyamaza kidogo ili wanaotaka kuandika waandike. Hakuna aliyeandika, lakini aliendelea kuwasubiri mpaka mwaka wa mwisho.

Siku ya kustaafu alinyweshwa soda, akasomewa hotuba iliyokosea cheo chake, akarudi nyumbani. Huko alimkuta mkewe, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa, akiiendesha nyumba kama alivyoiendesha siku zote, yaani bila yeye. Bwana Afya akaona hapa pana upungufu wa usimamizi. Akaanza kufunua masufuria. Akanusa kitambaa cha kufutia vyombo, akatikisa kichwa.

"Baba," mkewe alimwambia kwa upole wa kutisha, "hapa si buchani. Ukitaka kulifunga hili jiko, lifunge. Halafu upike wewe."

Ndipo alipokumbuka kwamba ana gari.

Gari lenyewe lilikuwa uani, limekaa juu ya mawe, magurudumu yalishauzwa zamani. Kila aliyeliulizia aliambiwa litatengenezwa mwenyewe akipata nafasi. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana, tena kwa wingi. Alivaa shati safi, maana hakuwa na nguo ya kazi chafu, akafungua mlango wa nyuma na kuingiza mkono kutafuta jeki.

Kilichomjibu hakikuwa jeki. Juu ya kiti alilala paka jike wa kijivu, sikio moja limeng'atwa likabaki nusu, na tumboni kwake watoto wanne wananyonya. Paka hakukimbia. Alimrarua mzee kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, akarudi kulala.

Bwana Afya aliingia jikoni damu ikichuruzika, akauliza sumu ya panya iko wapi.

"Macho ya watoto yamefunguka?" mkewe aliuliza, akimwosha kwa maji na sabuni.

"Nimeraruliwa, mama. Unaniuliza macho?"

"Nauliza kwa sababu nataka kujua ana siku ngapi tangu ajifungue. Maisha yangu yote sijamtoa mzazi kitandani kwa sababu ya makelele ya mwanamume, na sitaanzia kwa huyu. Twende ukachomwe sindano."

Akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, tena kwenye zahanati ile ile aliyowahi kuiandikia onyo kwa sababu ya choo. Wauguzi walimpokea kwa heshima zote. Sindano waliichagua wenyewe.

Kwa hiyo paka alibaki, na mzee akatangaza kwamba anamchunguza. Uchunguzi wake uligundua jambo moja lililomkosesha raha: mkewe akipeleka vichwa vya samaki, paka alishuka garini akala. Akipeleka yeye, paka alimfokea kwa pumzi na kukaa mbali mpaka chakula kikaingia sisimizi.

"Paka huyu ana dharau," alisema.

"Ana macho," mkewe alijibu. "Unamwendea kama unakwenda kufunga bucha. Kaa chini. Usimtazame usoni. Ukimtazama, fumba macho polepole, uyafungue polepole, kama mtu anayesinzia."

"Mimi sisinzii."

"Unasinzia kila taarifa ya habari ikianza. Leo ndiyo itakushinda?"

Wivu ndio uliomfanya akae. Mtu aliyewahi kutetemesha wachinjaji wenye visu mkononi asingekubali kuwa wa pili kwa mnyama wa uani kwake. Alichukua ndoo, akaipindua ardhini, akaikalia kiubavu, sahani ikiwa mbali. Kila asubuhi alifika saa ile ile na shati lile lile, maana mkewe alimwambia paka huzoea harufu kabla ya kuzoea mtu. Kila baada ya siku chache aliisogeza sahani karibu na miguu yake kwa upana wa kiganja. Na kwa kuwa aliambiwa azungumze kwa sauti ya chini ili paka aizoee, na hakujua mazungumzo mengine, alimzungumzia paka kama mkutano.

"Ndugu mnyama," majirani walimsikia nyuma ya ukuta, "naomba kukuarifu kwamba sahani inawekwa chini. Hakuna hatua nyingine itakayochukuliwa kwa sasa."

Watu walikuja kusikiliza. Wengine walileta na viti.

Watoto walipoanza kutambaa ndani ya gari, mkunga alimwonyesha namna ya kuwashika: mapema, kabla hofu haijakomaa, mmoja mmoja, wamefungwa kwenye taulo, dakika chache tu mama yao akiwa anakula. Wa kwanza alimkojolea. Wa pili alimng'ata. Wa tatu, mweusi, alitambaa hadi kwapani kwake akalala fofofo, na Bwana Afya akakaa hapo mpaka mguu ukafa ganzi, akimwita mkewe kwa mnong'ono amletee maji ya kunywa.

"Si uinuke?"

"Nitamwamsha."

Mkunga alimletea maji. Alimtazama mumewe kwa muda. Walikuwa na watoto watatu wa kuzaa, wote sasa watu wazima, na hakukumbuka hata mmoja aliyelala kwapani pale.

"Wangezaliwa na mikia na manyoya, labda wangekupata," alisema, akaondoka na kikombe. Jioni ile Bwana Afya alimpigia simu binti yao mkubwa, akamuuliza habari za kazi, na binti akauliza kwa woga nani amefariki.

Wakati huo huo gari la matangazo lilipita mtaani: zoezi la kuondoa wanyama wazururaji linaanza. Aliyekuja na ndoo ni yule aliyemrithi ofisini, mtu aliyefundishwa na mzee mwenyewe jinsi ya kupima sumu. Kwa heshima alianza kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa huna kazi."

"Nimesikia kuna paka kwenye gari."

"Ni wangu."

Mrithi alichungulia. Jike la kijivu likamfokea. "Mzee, huyu ni shume kabisa. Na wewe ndiye uliyetufundisha. Mnyama asiye na mwenyewe ni ugonjwa—"

"Nimekwambia ana mwenyewe. Ulikuwa huandiki, ndiyo maana umeikariri vibaya."

"Basi sawa. Ila utaratibu unasema wawe na cheti cha chanjo na wawe wamefungwa kizazi. Utaratibu uliuandika wewe. Nitapita tena Ijumaa."

Ndivyo Bwana Afya alivyonaswa na sheria zake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aliziona zina ukali usio na sababu.

Watoto walikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa mama yao, ambaye mpaka hapo alikubali kula karibu na miguu yake lakini kuguswa hataki. Daktari wa mifugo alizoea ng'ombe. Alikuja na kizimba na glovu za kufika mabegani, akasema afadhali fahali mwenye hasira kuliko paka mmoja. Walimnyima paka chakula tangu jana yake. Wakaweka samaki ndani ya kizimba, kamba mlangoni, na mzee akakalia ndoo yake akifumba macho polepole. Paka akaingia. Kamba ikavutwa. Kilio kilichofuata kilimfanya daktari apande juu ya boneti, na mkunga ndiye aliyetembea taratibu na khanga yake, akakifunika kizimba. Giza likaingia ndani, paka akanyamaza. Daktari akashuka, akajifanya alikuwa anaangalia paa.

Bwana Afya alikuwa amekaa bado. Machozi yalimtoka. Alisema ni vumbi.

"Alinisikia nikimwambia hakuna hatua itakayochukuliwa," alimwambia mkewe.

Ijumaa vyeti vilikuwepo. Mrithi alivisoma, akavirudisha, akahamia mtaa wa pili na ndoo yake.

Sasa watoto walihitaji nyumba, na majirani walikuja kuchagua. Mzee aliwahoji kama wanaomba kazi. Wa mwisho kuja alikuwa mjane wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa mpiga chapa mahakamani, wakimwita Mama Taipu. Hakuwa amemsalimia Bwana Afya kwa miaka. Alisimama uani, mkoba mkononi.

"Nimekuja kwa ajili ya mweusi."

"Mweusi nabaki naye mimi."

"Mimi nilikuwa na mweusi," alisema Mama Taipu. "Alikuwa na ukosi mwekundu. Alitoka asubuhi moja mlipopita na ndoo. Nilikuja ofisini kwako kuuliza, ukanifundisha habari za ugonjwa wenye miguu minne. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mlimzika wapi?"

Bwana Afya aliutazama mkono wake wenye kovu. Angeweza kusema hakumbuki. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

"Hatukuwa tunazika," alisema. "Walipakiwa na taka. Ukosi niliuona. Nilisema umefungwa na watoto kwa mchezo."

Mama Taipu alifungua mkoba, ndani ametandika kitambaa. Mzee akaingia garini, akamtoa mweusi, akamweka humo kwa mikono miwili. Hakuhoji chochote. Mama Taipu hakumshukuru, wala hakumsamehe. Alifunga mkoba na kwenda zake.

Jike la kijivu lilikaa siku nyingi likimkwepa, kisha likarudi kula miguuni pake. Kumgusa alimgusa mara moja, mgongoni, kwa kidole, akaja kututangazia. Tulipomwuliza kama sasa anapenda paka, alisema hapendi, anasimamia afya ya jamii.

Halmashauri haikubadilika. Iliuruka tu mtaa wetu, na yeye akajigamba kuwa ameshinda, mpaka mkewe alipomuuliza kama paka wa mtaa wa pili hawana matumbo. Alikasirika, hakula. Kesho yake alionekana huko, amevaa shati lile lile, amekalia ndoo kando ya jaa, anafumba macho polepole mbele ya dume moja lenye chongo, na wenye maduka wamesimama milangoni wakimcheka bila kujificha.

"Ndugu mnyama," alikuwa akisema.