Unga Mweusi Nilioupeleka Mbale

Nichekeni tu, maana mimi bado sijatulia. Nilitoka nyumbani Jinja mbio na kopo la unga wa oksidi ya manganizi, chembe ndogo kuliko vumbi. Nilikuwa naenda kuupaka kwenye mabamba ya superkapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, mbele ya wakubwa wa kiwanda kimoja Mbale waliotaka kuniajiri.

Nikapaka, nikachaji. Taa niliyoiunganisha haikuwaka. Nikalaumu waya, nikalaumu mita, nikalaumu hata umeme wa Mbale.

Meneja, Hajati mmoja mpole, akachovya kidole koponi, akanusa.

“Bwana mtafiti, una bibi nyumbani?”

“Ninaye, Hajati.”

“Mpigie simu haraka, asijipake macho. Hii uliyotuletea ni wanja.”