Benchi la Mawakili na Kitanda cha Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nilivaa suti ya kijivu niliyoshonewa na fundi wa Kikongo, na stashahada yangu ya usaidizi wa sheria nilikuwa nayo kwenye bahasha, ingawa hakuna aliyeomba kuiona tena. Niliipata kwa kusoma jioni, nikiwa na mvi tayari. Tuliotoka Tanga kwenda Johannesburg tulikuwa wengi. Aliyeingia ofisi ya mawakili wa umma kwa mlango wa wafanyakazi ni mimi.

Vijana mnaosoma haya mjue ofisi ile ilifanya nini. Mtu akishtakiwa na hana uwezo wa kuweka wakili, serikali humpa mmoja bila malipo. Mawakili hao ndio walikuwa wetu. Mimi, msaidizi wa sheria, niliandika maelezo ya mshtakiwa, nikatafuta mashahidi, nikathibitisha makazi yake. Hilo la makazi msilidharau. Hakimu ni nadra kumpa dhamana, yaani ruhusa ya kusubiri kesi akiwa nje, mtu asiyejulikana analala wapi.

Nilianzia mapokezi chini ya Karani Mkuu, mama aliyekunywa chai bila sukari na kutusalimia vivyo hivyo. Kisha Wakili Mwandamizi akanipeleka selo, vile vyumba vya chini ya mahakama ambamo washtakiwa husubiri kuitwa. Huko niling'ara. Wakongo, Warundi, Wazanzibari, wote waliniulizia mimi, niliyewasikiliza kwa Kiswahili. Wakili Mwandamizi mwenyewe aliniambia, "Shaibu, bila wewe huku chini mimi ni kiziwi."

Halafu kila Julai, vyuo vikifunga, walikuja wanafunzi wa sheria kujifunza kazi. Kwetu Tanzania tungesema wako fildi. Niseme wazi: niliwaonea wivu. Si kwa sababu ya viatu vyao vipya. Ni kwa sababu ya benchi. Mahakamani mwanafunzi alikaa benchi la mawakili, akampitishia wakili karatasi, hakimu akamwona. Mimi niliyeziandaa karatasi zile nilikaa nyuma kabisa na ndugu wa washtakiwa, katikati ya watoto wanaokula chipsi. Mkuu wa Ofisi aliwaita "mawakili wa kesho". Mimi aliniita Shaibu.

Mwaka 2017 nilikabidhiwa mmoja wao, Solange. Mama yake alikuwa msusi kutoka Bukavu, lakini yeye alizaliwa Johannesburg, na Kiswahili alikisikia vizuri kuliko alivyokisema. Aliniita Papa Shaibu, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima. Alikuwa na adabu na alielewa mambo haraka. Nilivumilia adabu.

Wiki ile tulikuwa na kesi ya Amani, mlinzi wa Kikongo aliyeshtakiwa kununua simu ya wizi. Alisema anaishi chumba kimoja katika jengo la zamani karibu na Newtown. Polisi walikwenda asubuhi, wakamkuta mtu mwingine amelala, naye akasema anaishi hapo peke yake. Mwendesha mashtaka akasema mshtakiwa hana makazi. Hakimu akaahirisha hadi kesho yake. Tukishindwa, Amani angekaa mahabusu mpaka kesi isikilizwe, na lindo lake lingepewa mwingine.

"Ametudanganya," nikamwambia Solange kwenye korido.

"Papa, huyo mtu alikuwa analala asubuhi. Yeye anafanya kazi saa ngapi?"

Nilisimama. Swali lile lilipaswa kuwa langu. Watu wawili, kitanda kimoja: wa mchana anaondoka, wa usiku anaingia. Kitanda cha zamu. Hakuna aliyekijua kama mimi, na binti aliyekulia kwenye kitanda chake ndiye aliyekiona kwanza.

Tukaenda. Yule mwenzake, Musafiri, alifungua mlango nusu.

"Bapolisi waliuliza nani anaishi hapa, nikasema miye tu," alisema. "Mwenye nyumba akijua tuko wawili, atatufukuza wote."

"Tafadhali, papa," Solange akamwambia. "Kuja tu kortini, sema ukweli. Sisi tutasaidia."

"Wewe mutoto wa Joburg unajua nini? Umelala peke yako tangu uzaliwe!"

Solange akaniangalia. Ofisini nilikuwa nimewaambia wote kwamba nilikuja mjini kama mfanyabiashara. Habari ya kitanda changu cha zamu sikuwahi kumwambia mtu. Lakini mlango ulikuwa unafungwa.

"Mimi nimelala hivi miaka," nikasema. "Fordsburg, nyuma ya duka la vitambaa. Mwenzangu alikuwa mwoka mikate. Yeye akitoka, mimi naingia, shuka bado lina joto lake."

Musafiri akafungua mlango wote. "Na unga?"

"Na unga. Nilikwenda lindoni shingo nyeupe kama mzimu."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Eish, papa! Nitakuja. Lakini wakitufukuza, utatutafutia kitanda?"

"Viwili," nikasema.

Kesho yake Musafiri alitoa ushahidi, Amani akapata dhamana. Solange alikuwa benchi la mawakili, na Wakili Mwandamizi akageuka kumpa mkono. Mimi nilikuwa nyuma, na mtoto fulani amenipaka chipsi kwenye suti.

Mwenye nyumba aliwaongezea kodi, hakuwafukuza. Nilishukuru, maana vitanda viwili sikuwa navyo.

Mwisho wa mwezi Mkuu wa Ofisi aliwaandalia wanafunzi chakula cha kuwaaga. Akauliza mbele ya watu wote, "Solange, shahidi aliyewakatalia polisi mlimshawishi vipi?"

Niliweka kijiko chini. Ofisi nzima ingecheka wiki nzima: Shaibu, stashahada, unga shingoni. Solange akanitupia jicho.

"Nilikuwa na mwalimu wangu, Mkuu. Mengine yalibaki chumbani kule."

Wakapiga makofi. Walimpigia yeye.

Nilistaafu 2019, nikarudi Tanga. Nina nyumba yangu, stashahada iko ukutani sebuleni, na kitanda kipana ambacho hakuna anayekisubiri. Solange sasa ni wakili. Alinitumia picha akiwa na joho, na nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Limemkaa vizuri.

Joho namwonea wivu, na benchi pia. Ila ninachomwonea zaidi ni kile kimya chake mezani. Mimi ningepata habari tamu namna ile ya mtu mwingine, ningeimaliza kabla chai haijapoa. Yeye, mtoto wa chuo, aliifungia mdomoni, na najua bado ameifungia.

Ndiyo maana leo nimeisimulia mwenyewe. Angalau katika hili nimemtangulia.