Vitabu Vilivyoanikwa Kanisani

Asifiwe Mungu anayeleta jua na mvua katika siku moja, kama afanyavyo huku kwetu karibu kila siku, naye hajawahi kusahau zamu ya mmoja wao. Amenipa umri, mke mmoja, watoto tisa, na mama mzazi ambaye hadi leo ananiita "kijana" mbele ya wajukuu zangu. Kwa hayo yote nasema ahsante, ndipo nisimulie.

Mke wangu ni mtunza maktaba wa shule ya msingi iliyo chini ya kilima chetu, upande wa Litein. Watoto humwita Mama, na mimi pia humwita Mama. Mtu aliyezoea kunyamazisha chumba kizima cha watoto kwa kuinua kidole hawezi kukiacha kidole hicho shuleni jioni. Anarudi nacho. Wanetu wote tisa wamelelewa chini yake, na wakajifunza kugombana kwa kunong'ona. Ukiingia kwetu ukute watu watano wamesimama jikoni, macho makali, wakinong'onezana, ujue wanagombania paja la kuku. Mtu mmoja kutoka Sigor, aliyekuja kwetu kuuliza habari ya ndama, alisikia minong'ono hiyo akavua kofia mlangoni. Akaniambia polepole, "Pole sana, Mzee. Amefariki lini?"

Basi ilikuwa Ijumaa alasiri, na mvua ya mawe ikanyesha. Sisi wa majani chai mvua hiyo tunaijua, kwa sababu ikipita shambani huacha miti imenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Siku hiyo haikutosheka na chai. Iling'oa mabati mawili ya maktaba, na maji yakaingia kwenye rafu kama wageni waliokaribishwa.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, nami simlaumu. Alikuwa na shida yake. Mahindi ya chakula cha mchana ya shule yalikuwa yakilala kwenye baraza, na panya walikuwa wamekwisha kuyazoea. Kwa muda mrefu alikuwa akikitazama chumba cha maktaba kama mtu anayetazama sahani ya jirani. Alisimama kati ya vitabu vilivyolowa, akamwambia mke wangu, "Mama, bati tutarudisha kesho. Lakini hivi vitabu naona vimekwisha. Jumatatu asubuhi nikivikuta vikavu hapa kwenye rafu, sitasema neno. Nikikuta rafu tupu, naingiza mahindi."

Mke wangu akatoka nje. Alinipigia simu, akasema maneno machache: "Leta punda. Na magunia yote."

Magunia tuliyokuwa nayo ni yale ya wavu ya kupelekea majani ya chai kituoni, yanakopimwa. Tukajaza vitabu humo, tukapakia punda wawili, tukapanda kilima huku maji yakichuruzika njiani. Jirani yangu aliyekuwa akikama ng'ombe alituona, akapaza sauti, "Mzee! Kituo leo hakipokei majani!"

"Haya si majani," nikamjibu.

"Basi mbona yanadondoka hivyo? Karani atakata kilo za maji!"

Jumamosi nyumba yetu haikuwa na mahali pa kukalia. Vitabu vilikuwa vitandani, juu ya kabati, kwenye kamba za nguo, hata mgongoni mwa kochi ambalo mke wangu haruhusu mtu aweke kiwiko. Aliwapanga watoto waliokuwa nyumbani na kuwapa kazi moja tu: kugeuza kurasa polepole, moja baada ya nyingine, zisigandane.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeileta duniani. Watoto wake wanapenda kusoma. Binti yetu mkubwa, aliyekuja kutusalimu na mtoto mgongoni, alifungua kitabu cha kwanza, akageuza kurasa tatu, akakaa chini. Hakuinuka tena hadi mtoto alipolia. Kijana wetu wa bodaboda aliacha pikipiki nje, akasema anasaidia dakika tano tu. Wateja walimpigia simu hadi betri ikaisha.

"Nimesema mgeuze," mke wangu akanong'ona kwa ukali. "Sijasema msome!"

"Lakini Mama, huyu mtu wanamshika ama hawamshiki?"

"Hawamshiki. Geuza."

Aliyefanya kazi vizuri kuliko wote ni mama yangu, ambaye wajukuu humwita Kogo, yaani bibi. Kogo hajui kusoma, na vidole vyake vimechuma chai miaka mingi, kwa hiyo kurasa zilikuwa zikipita mbele yake kama majani. Nikamsifu kwa sauti, makusudi, ili wengine waone haya. Hapo hapo akafika kwenye picha. Akakilaza kitabu magotini.

"Kijana," akaniita. "Huyu mtu amembeba punda mgongoni. Kwa nini punda ndiye amebebwa?"

Nikasema sijui. Akamwita kitinda mimba wetu, aliye gredi ya sita, amsomee. Kwa picha moja tukapoteza wafanyakazi wawili.

Saa sita ilipofika, nikaona niingilie kati. Nilifanya kazi kiwandani hadi kustaafu, katika sehemu ya kunyausha, pale ambapo majani mabichi hutandazwa juu ya wavu mrefu na kupulizwa hewa mpaka yalegee. Kama kuna mtu katika nyumba hii anayejua kuondoa maji ndani ya kitu bila kukiharibu, nilisema, ni mimi. Nikachukua vitabu gunia moja, nikavipandisha kwenye dari ya jikoni, pale tunapokaushia kuni na mbegu za mahindi, nikavitandaza vyema, nikachochea moto chini.

"Mzee, hii ni kitabu, si chai," kijana wa bodaboda akaniambia.

"Kilicholowa ni kilicholowa," nikamjibu, nikaongeza kuni.

Vilikauka. Hilo halina ubishi. Lakini majalada yalikuwa yamejikunja kama majani yaliyotoka kwenye mashine, na kurasa zimeingia rangi ambayo kiwandani tungeifurahia sana. Mke wangu alipanda ngazi, akachukua kimoja, akakinusa. Akashuka nacho taratibu.

"Mzee," akasema, "hii uliyopika ni gredi ya kwanza ama ni vumbi?"

Watoto wakacheka mpaka wakasahau kunong'ona. Hata yeye alicheka, lakini nilimwona akigeuka haraka na kujifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, nami naujua uso wake. Machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Chumba kile alikianza na sanduku moja la vitabu vya kuombaomba. Amekaa humo miaka ambayo wengine walikuwa wakimwambia aende kufundisha darasani, huko ndiko kuna heshima. Ilikuwa Jumamosi jioni, na vitabu vingi bado vilikuwa na maji katikati.

Jumapili asubuhi jua liliwaka, kama kawaida ya asubuhi zetu. Mke wangu alikuwa amekwisha kurudisha vitabu kwenye magunia.

"Mama, leo ni siku ya Bwana," nikasema. Mimi ni mzee wa kanisa, na zamu ya kuongoza ibada ilikuwa yangu.

"Najua. Ndiyo maana naenda kanisani."

"Na magunia?"

"Mzee, ng'ombe wetu akitumbukia shimoni leo, utamwambia asubiri Jumatatu?"

"Ng'ombe ana uhai."

"Na analia. Hivi havilii, ndiyo maana vinahitaji mtu." Akafunga gunia. "Kanisa lina madirisha pande mbili, na upepo wa kilimani unapita katikati. Nyumba ya Mungu ndiyo kavu kuliko zote huku. Ama utaniambia Mungu hapendi vitu vikauke?"

Nimesoma Maandiko tangu ujana wangu, na ng'ombe yule wa shimoni yumo humo. Nikakamata punda.

Tulifika mapema, tukapanga vitabu juu ya viti vyote. Waumini walipoingia wakakuta viti vimekaliwa. Kila mtu akainua kitabu ili apate pa kukaa, na kwa kuwa hakuna pa kukiweka, akakaa nacho magotini. Nikasimama mbele, nikaeleza jambo lilivyo: mvua ya mawe, rafu, Jumatatu. Nikawaomba wakati wa ibada wageuze kurasa polepole, upepo uingie.

Mchungaji wetu ni kijana aliyetoka chuoni si zamani. Akahubiri juu ya subira. Katikati ya mahubiri kanisa lilikuwa kimya kabisa, vichwa vyote vimeinama, na sauti pekee ilikuwa ya kurasa. Mtoto mmoja akacheka mahali ambapo mahubiri hayakuwa na kicheko. Mzee mmoja mchuuzi wa maziwa, anayekaa kiti cha mbele na ambaye husinzia kila Jumapili tangu nimjue, alikuwa macho makavu, mdomo wazi. Baada ya ibada mchungaji alinishika mkono akaniambia, "Mzee, tangu nije hapa sijaona watu wakitulia hivi."

Sikutaka kumvunja moyo. Nikamwambia Bwana ana njia nyingi.

Lakini saa nane wingu jeusi likasimama juu ya kilima. Mke wangu alikuwa amepita kiti kwa kiti, akibonyeza vitabu kwa kidole gumba. Bado vilikuwa na unyevu ndani, na nyumbani kwetu moto ni mmoja. Watu walikuwa mlangoni wakitazama mbingu, kila mmoja na kitabu mkononi, wakisubiri kuambiwa pa kukiweka.

Ni lazima mjue kwamba kwa mke wangu kitabu cha shule hakitoki na mtu mzima. Ni sheria yake, na ameilinda hata dhidi yangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Chukueni," akasema. "Kila mtu aende na chake, akikaushe kwake. Si juu ya moshi! Kesho asubuhi mapema nakitaka kwenye rafu."

Hakuandika jina la mtu. Wakavificha chini ya sweta na leso, wakakimbia, na mvua ikawafuata. Tukarudi nyumbani na magunia matupu. Jioni hiyo alikunywa chai tu, akakaa. Nikamwambia tuombe. Akasema, "Wewe omba. Mimi nimekwisha kuomba watu."

Jumatatu tulifika shuleni kabla ya kengele. Mabati yalikuwa yamerudishwa. Watoto wakaja na vitabu walivyotumwa na wazazi wao, naye akavipokea, akavibonyeza kimoja kimoja. Vilikuwa vikavu kweli. Lakini hata tulipoongeza vile nilivyopika mimi, rafu moja haikujaa, ya pili ikabaki na vitabu vichache vilivyoegemeana, na zilizosalia hazikuwa na kitu. Kisha mwalimu mkuu akatokea, na nyuma yake bawabu na kijana mwingine, kila mmoja na gunia la mahindi begani.

Alitazama rafu. Akamtazama mke wangu kwa huruma ya kweli.

"Mama, vitabu viko wapi?"

"Vinasomwa," akasema mke wangu.

"Na nani? Wanafunzi ndio hawa wako gwarideni."

Kabla hajajibiwa, pikipiki ikasimama nje, na yule mzee wa maziwa akaingia na mkebe wake mkononi. Hakuwa na kitabu. Aliwapita wenye magunia kana kwamba ni nguzo, akaja hadi mezani.

"Mama, nimekuja kuomba siku mbili. Kitabu ni kikavu, usiogope. Lakini mke wangu ameamka mapema kuliko mimi akanipita. Sasa amefika mahali ananicheka na hataki kuniambia."

"Mpaka Jumatano," akasema mke wangu.

Nyuma yake akaja mama mmoja aliyehamia huku kutoka upande wa ziwa, mfanyakazi wa zamani wa mashamba ya chai. Alikuwa na kitabu chake, amekifunga ndani ya leso mbili. "Hii inaeleza magonjwa ya kuku," akasema. "Na kuku zangu ziko mgonjwa hivi hivi, vile imeandikwa. Nimefika kwa kuhara. Nipatie wiki."

Mwalimu mkuu akamuuliza kwa adabu, "Mama, una mtoto hapa shuleni?"

"Wajukuu. Kwani kuku ziliniuliza hivyo?"

Watu wakazidi kuja, wengine na vitabu, wengine na visingizio, mpaka foleni ikafika kwenye bomba la maji. Bawabu alikuwa bado amebeba gunia lake, jasho linamtoka. Mzee wa maziwa akamgeukia.

"Na haya mahindi, mwalimu, mnayapeleka wapi?"

Mwalimu mkuu alitazama foleni, na wengi wao wapiga kura wa mkutano wa wazazi. Akatazama rafu tupu. Nilimwona akiamua, nami namheshimu kwa hilo.

"Ofisini kwangu," akasema.

Huko ndiko yaliko hadi leo. Kwa kuwa ofisi imejaa, yeye huwapokea wazazi ndani ya maktaba, na huzungumza nao kwa kunong'ona, maana kidole hakijali cheo. Wazazi siku hizi huazima Ijumaa alasiri. Vitabu vichache havikurudi, na kimoja kililiwa na ndama akabakiza jalada. Mke wangu amelikataa ombi langu la kukausha tena kitabu kwenye dari.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe macho yasiyochoka, na watu watakaokusogezea kiti ukifika. Akufungulie mlango uliodhani umefungwa, na akuweke salama wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Amina.