Siku Niliyosema Vyombo Viko Tayari

Mgonjwa akishuka kitini ndipo kazi yangu huanza. Watu hudhani msaidizi wa daktari wa meno ni wa kushika taa na kumwambia mtu asukutue. Wapi! Kazi yenyewe ni ile mgonjwa asiyoiona: kutupa sindano kwenye boksi la njano, kupangusa kiti na mpini wa taa kwa dawa, kupitisha maji kwenye mpira wa kunyonya mate, kisha kubeba vyombo vyenye damu hadi chumba cha nyuma. Huko navisugua kwa brashi, navikausha, navifunga kwenye karatasi, nabandika utepe juu yake na kuvitia kwenye mashine ya mvuke. Utepe ule una mistari hafifu ambayo ikipata mvuke inakuwa myeusi. Nimeifanya kazi hiyo hapa Voi miaka mingi, na mingi ya miaka hiyo nilijiona fundi.

Na nilikuwa na mdomo, sikatai. Msichana aliyekuja kujifunza kazi akisahau kubadilisha glavu kabla ya kugusa kabati, nilikuwa namwuliza kama kwao ugali unapikwa kwa mikono iliyotoka kuchinja kuku. Analia, mimi naendelea. Nilimfundisha kwa maneno machache: utepe ukiwa mweusi, mambo sawa. Daktari alikuwa ametueleza mara si moja kwamba utepe unaonyesha tu kwamba mvuke umefika, hauonyeshi kama umekaa muda unaotakiwa. Ndiyo sababu palikuwa na daftari la kuandika saa mashine ilipoanza na saa ilipomaliza. Daftari hilo mimi nililiona la wanafunzi.

Sasa ile Jumanne. Asubuhi tulimng'oa dereva mmoja wa lori gego la juu, akatoka damu nyingi, akaenda zake. Makoleo ya magego ya juu tulikuwa nayo mawili tu, na moja lilikuwa limelegea, limepelekwa Mombasa kutengenezwa. Nikalisafisha lile lililobaki, nikalifunga, nikawasha mashine. Haikuchukua muda stima ikapotea. Mashine yetu ikikatizwa haiendelei ilipoachia, lazima uibonyeze ianze upya. Nikatoka nje, nikaketi na mama anayeuza mboga mbele ya kliniki, tukapiga gumzo. Stima iliporudi niliisikia redio ya kinyozi wa jirani ikianza kuimba. Niliisikia vizuri kabisa, nikajiambia nitaingia sasa hivi. Hadithi ilikuwa tamu.

Saa sita na nusu akaingia mama mmoja wa makamo kutoka Kishushe, shavu limefura, kalifunga kwa leso. Wiki nzima alikuwa anakunywa uji tu. Gari lililomleta lilikuwa linarudi saa nane, na barabara ile magari ni ya kuhesabu. Akilikosa hilo, hana pa kulala Voi. Daktari akamchunguza, akampiga sindano ya ganzi. Gego la juu.

Nikaenda nyuma, nikafungua mashine. Utepe ulikuwa mweusi tii. Karatasi ilikuwa na joto la kuishiaishia, na kidirisha cha mashine kilikuwa kinaonyesha sifuri, maana hakuna aliyeibonyeza ianze upya. Nilijua. Sitajidanganya leo niseme nilichanganyikiwa. Nilimwonea huruma yule mama, hiyo ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba niliona haya kusema mashine imekaa bure mimi nikiwa nje napiga domo. Mimi niliyezoea kuwaliza wenzangu!

“Vyombo viko tayari?” daktari akauliza.

“Tayari.”

Jino likatoka bila taabu. Yule mama alikuwa amenishika mkono muda wote, na alipoinuka akaniombea baraka kwa Kidawida, lugha ya kwao, maneno yakimtoka nusunusu kwa ile ganzi. Gari lake alilipata.

Jioni nikafungua daftari. Mstari wa siku ile ulikuwa mtupu. Nikaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mwandiko mzuri, wa kunyooka.

Ukutani kwetu kuna tangazo letu wenyewe, la mfanyakazi aliyejidunga sindano: kuna dawa za kukinga virusi vya ukimwi, lakini zianzwe mapema, kabla siku tatu hazijaisha. Damu ya yule dereva sikuijua, wala sina neno baya naye. Nilijua tu kwamba yule mama alikuwa na siku tatu, na hakuwa na habari kwamba zinahesabika. Jumatano nilichukua namba yake kwenye kadi, nikaenda uani nikapiga. Hapatikani. Kishushe mtandao ni wa kupanda mlima. Nami nikashukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata koleo lenyewe, kwamba nilishukuru. Sikupiga tena. Siku zilipopita nikajiambia hata nikisema sasa haisaidii kitu.

Miezi mitatu baadaye akaja tena, mzima, anacheka, kamleta mjukuu wake wa kike mwenye jino bovu. Akamwonyesha mimi. “Huyu dada ndiye aliyenishika mkono. Huyu usimwogope.”

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ningeweza kuiendeleza nitakavyo, hakuna aliyekuwa ananifuata. Lakini yule mtoto alikuwa ameshaninyoshea mkono. Nikamwita mama chumba cha nyuma, nikamwita na daktari, nikasema yote, stima, gumzo, daftari.

Daktari aliketi. Mama alibaki amesimama.

“Ulijua lini?” akaniuliza.

“Siku ile ile, mama.”

“Kabla sijapanda gari?”

“Kabla daktari hajakutia koleo mdomoni.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Daktari akamwomba radhi, akamtoa damu mwenyewe kwa mkono wake, akaniambia daftari nisiliguse mpaka atakaponiruhusu. Mama akamshika mjukuu wake mkono wakaondoka, jino la mtoto likiwa lile lile.

Majibu yalichukua siku nne. Sikula chakula cha maana siku hizo, na usingizi ukanikataa. Yaliporudi yalikuwa safi yote. Daktari akanikabidhi simu, akasema yule mama nimwambie mimi. Nilimwambia huku nalia. Akasema asante Mungu. Nikamwuliza mtoto anaendeleaje.

“Nilimpeleka Mwatate, wakaling'oa.”

Nikasema ni vizuri.

“Nilisimama mlangoni kwao,” akasema, “nikamwuliza dada wa kule mashine yao imechemka saa ngapi, nani aliiangalia, anionyeshe. Akanikasirikia mbele ya watu.” Alisema polepole, kama anayeona haya. “Mwanangu, mimi tangu nizaliwe sijawahi kumwuliza swali mtu anayenitibu. Nilikuwa naona ni kukosa adabu.”